Utunzaji wa Mwili kwa Wanaume Wazee Wavaao Mavazi ya Kike
Sisi wanaume tuliozeeka tukivaa magauni kwa siri, majuto yetu makubwa ni shingo na mikono, kwa maana tulijali uso pekee na kuyaacha mengine yaunguzwe na jua. Hujachelewa: paka mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi kila asubuhi, mpaka shingoni na nyuma ya viganja, ukirudia kila baada ya saa 2 uwapo nje. Nyoa baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, wembe ukifuata uelekeo wa nywele, kwa kuwa ngozi ya uzeeni ni nyembamba na hupona polepole. Ondoa vipodozi kabla ya kulala. Viatu vya visigino virefu, ambavyo niliving'ang'ania mno, vivaliwe kwa muda mfupi. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila siku.