Jinsi ya kuandika saa sita kwenye tiketi bila kumkosesha abiria safari

Nakata tiketi za ndege na mabasi hapa Dar es Salaam, na katika kazi hii saa inayonitoa jasho ni moja tu: saa sita. Saa nyingine abiria anajifasiria mwenyewe. Ukimwonyesha 9:00 AM anakwambia saa tatu asubuhi, ukimwonyesha 7:00 PM anasema saa moja usiku. Mpe 12:00 PM, utasikia "saa sita usiku" imetamkwa bila wasiwasi wowote.

Simlaumu. Wengi wetu tulijifundisha kwamba AM ni asubuhi, maana hata herufi ya kwanza inafanana, na PM ni jioni au usiku. Kanuni hiyo inakubeba vizuri siku nzima, kisha inakutupa palepale kwenye 12.

Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sita ipi

Herufi hizo ni Kilatini. AM ni ante meridiem, kabla ya adhuhuri. PM ni post meridiem, baada ya adhuhuri. Sasa jiulize: adhuhuri yenyewe iko kabla au baada ya adhuhuri? Haiko popote. Na saa sita usiku iko saa 12 baada ya adhuhuri iliyopita na saa 12 kabla ya ile inayokuja, kwa hiyo herufi zote mbili zingeweza kuidai. Hapa hakuna hesabu ya kukupa jibu. Kuna mazoea tu.

Mazoea ya leo, kwenye simu, kompyuta na mifumo ya tiketi, ni haya: 12:00 PM ni saa sita mchana, 12:00 AM ni saa sita usiku. Ukitaka njia ya kukumbuka, ongeza dakika moja. Saa 12:01 ya mchana adhuhuri ya saa imeshapita, hiyo ni PM bila ubishi, na 12:00 inafuata ndugu zake.

Wala wasomi wasijione wamesalimika. Mwongozo wa uandishi wa ofisi ya uchapishaji ya serikali ya Marekani, katika toleo la 2000, ulikuwa bado unatumia 12 p.m. kwa usiku wa manane, na mchana ukauandika 12 m. (m. ya meridies, yaani adhuhuri). Toleo la 2008 likageuza. Basi abiria wako akichanganya, usimcheke.

Ukiweza, achana na AM na PM kabisa. Weka simu na kompyuta ya ofisi kwenye mfumo wa saa 24: mchana ni 12:00, usiku ni 00:00.

Hatua ya 2: Itamke kwa Kiswahili, na mkia wake

Saa zetu zinahesabiwa kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, ndiyo maana tunaondoa sita. Lakini 12 ukiondoa sita, iwe AM au PM, unapata sita ileile. Kwa hiyo "saa sita" peke yake haijasema kitu. Mchana au usiku lazima itajwe, hata kama unadhani inaeleweka. Hasa kama unadhani inaeleweka.

Hatua ya 3: Funga tarehe

Hapa ndipo nilipoungua, na kosa lilikuwa langu. Tiketi ya kwenda Muscat ilisomeka Ijumaa, 00:20. Nikampigia mama wa watu: "Ndege yako ni Ijumaa, saa sita na dakika ishirini usiku." Kila neno ni kweli. Mama akala chakula cha Ijumaa usiku na wajukuu, akaaga, akafika uwanjani na mabegi matatu. Ndege ilikuwa imeondoka karibu siku nzima kabla.

Karatasi ya tiketi hubadilisha siku saa sita usiku. Mtu wa kawaida hubadilisha siku anapolala na kuamka. Na wazee wetu wa pwani wana hesabu ya tatu: siku inaanza magharibi, ndiyo maana tarawehe ya kwanza inasaliwa kabla ya funga ya kwanza, na kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Ajabu ni kwamba kwa ndege ya 00:20 mzee wa pwani angefika uwanjani usiku ule uliotakiwa, na kijana wa mjini angechelewa.

Dawa tunayo tayari kwenye lugha: *kuamkia*. Andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", kisha tarehe zote mbili. Usiandike "Ijumaa usiku" kwa safari yoyote iliyo kati ya 00:00 na alfajiri.

Hatua ya 4: Kama saa unaipanga wewe, ikwepe

Ndege hupangi wewe. Lakini mwisho wa kulipia nafasi, au ofa ya nauli, unaupanga. Usiseme "mwisho Jumamosi saa sita usiku", maana wengine wataelewa ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Sema Jumamosi 23:59, yaani saa sita kasoro dakika moja usiku. Hata taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani inashauri kusogeza dakika moja namna hiyo. Dakika moja haina hasara kwa mtu.

Hatua ya 5: Kagua jedwali

Kwa wanaopanga ratiba kwenye Excel: badilisha kisanduku chenye saa kiwe namba ya kawaida. Saa sita mchana itaonekana 0.5, yaani nusu ya siku. Saa sita usiku itaonekana 0. Ukikuta 0 kwenye basi la mchana, kuna mtu aliandika 12:00 AM.

Hatua ya 6: Tuma ujumbe, kisha uliza

Ujumbe wangu siku hizi uko hivi:

"Shikamoo mama. Ndege yako inaondoka usiku wa Alhamisi tarehe 12 kuamkia Ijumaa tarehe 13, saa sita na dakika 20 usiku (00:20). Ripoti uwanjani ALHAMISI saa tatu na dakika 20 usiku."

Kipengele cha kuripoti ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu kinaangukia siku ambayo mtu bado yuko macho.

Akijibu "marahaba, sawa mwanangu", bado sijamaliza. Nampigia namwuliza: "Unatoka nyumbani lini?" Akisema Alhamisi baada ya magharibi, nafunga faili lake.