Kubadili wino wa rangi kwenda weusi na kijivu kwa picha nyeusi na nyeupe: Epson 1400

Ukiprinti picha nyeusi na nyeupe kwa wino wa rangi, sehemu kubwa ya kile kijivu ni sayani, majenta na njano zimechanganywa, ndo maana picha ikiwa dirishani iko poa ila ukiileta chini ya taa ya tyubu uso wa bibi harusi unaingia ukijani. Dawa ni kutoa rangi zote na kuweka wino wa kaboni wa viwango sita, kuanzia mweusi tii hadi kijivu chepesi kabisa. Natumia printa ya Epson 1400 (1430 ni ndugu yake) kwa kuwa katriji zake sita zinakaa juu ya hedi yenyewe (sehemu inayorusha wino kwenye karatasi), hakuna mipira mirefu ya kubaki na wino wa zamani.

Amua kwanza kwamba hii printa haitarudi kwenye rangi. Kurudishana rudishana kunaua hedi.

1. Printi nozo cheki (ukurasa wa majaribio wa vimistari unaoonyesha kama vitundu vyote vya hedi vinatoa wino) wakati wino wa zamani bado upo. Kama kuna mstari umekatika, zibua kwanza, usitegemee wino mpya ufanye hiyo kazi.

2. Wino wa kiwandani wa hii mashine ni dai (dye, rangi iliyoyeyuka kwenye maji), wa kaboni ni pigimenti (chembechembe zinazoelea kwenye maji), na hivi viwili visikutane. Weka katriji zenye maji ya kusafishia hedi (siyo ya bomba jamani, yana chumvi), fanya hedi klining mara mbili tatu mpaka nozo cheki ififie kabisa. Usizidishe, kila klining inajaza sponji la wino chafu lililo chini ya mashine.

3. Jaza katriji za kujaza zenye chipu ya kujirizeti (inayoiambia printa katriji imejaa tena). Tikisa chupa taratibu kwa sababu pigimenti inatuama, kila wino na sirinji yake, sukuma polepole ili povu lisiingie maana povu likifika kwenye hedi utadhani nozo zimeziba, kisha funga kizibo cha kujazia na uache tundu la hewa wazi. Andika kwa maka pen kila katriji inakaa wapi. Mweusi kamili unakaa nafasi ya mweusi, hao wengine watano fuata mpangilio wa profaili utakayotumia (faili linaloiambia printa wino upi uko wapi na utoke kiasi gani), ukipishanisha wawili tu picha inatoka na mabaka.

4. Ingiza, klining moja, iache itulie kama saa moja, halafu nozo cheki. Hapa watu wengi wanapitiliza: kijivu chepesi karibu hakionekani, iinamishe karatasi chini ya taa kali uhesabu vimistari kimoja kimoja.

5. Sasa achana na draiva ya Epson (programu ya kompyuta inayoendesha printa), yenyewe bado inaamini pale kuna njano. Weka QuadToneRIP ya Roy Harrington, programu ya kuprinti nyeusi na nyeupe badala ya draiva, ipo ya Windows na Mac. Ina modi ya kalibresheni inayoprinti kila wino peke yake, hapo utaona kama viwango vinashuka kwa mpangilio.

6. Printi ngazi 21 za kijivu kwenye karatasi yako, acha ikauke mpaka kesho, ndo upime, hata skana inasaidia. Ngazi mbili tatu za giza zikilingana, wino umezidi, punguza limiti (kiwango cha juu cha wino) kwenye programu. Ukiwa na vipimo, viingize kwenye profaili ili ngazi zipishane sawa, na hapo ndo utaona vivuli vya kanzu nyeupe ambavyo wino wa rangi ulikuwa unavimeza.

Karatasi iwe mati (isiyong'aa). Huu mweusi wa kaboni ni wa mati, kwenye glosi (karatasi inayong'aa) haushiki, unafutika na kidole.

Printi kitu kila wiki hata kipande kidogo, na weka UPS (betri ya akiba ya umeme), umeme ukikatika katikati ya kazi hedi inabaki nje bila kifuniko na pigimenti inakauka haraka mno.