Kabla hujamwaga simulizi yako bure mtandaoni, pitia hapa kwanza

Aisee wewe unayetaka kuanza kuposti simulizi, swali la kwanza sio uposti wapi, ni je umeshaimaliza kuiandika? Maana ukianza kurusha sehemu ya 1 huku kichwani unayo mpaka sehemu ya 6 tu, wiki ya pili watu wanakuja inboksi saa tano usiku "mwandishi vipi leo", unaanza kulipua, mhusika aliyekufa sehemu ya 9 anapokea simu sehemu ya 14. Mimi imenikuta, komenti za siku ile sitasahau.

Mimi nipo Moshi, mchana nipo steshenari karibu na stendi, usiku naandika. Miaka minne sasa. Ninayokwambia hapa nimeyalipia.

Tuanze na utamu wa bure, maana upo. Wewe hujulikani. Mchapishaji hakujui, kuchapa kitabu mwenyewe ni hela ambayo huna, na hata ukichapa nani atanunua kwa mtu asiyemjua? Ukiweka bure msomaji hapotezi kitu zaidi ya bando lake (ingawa na bando nalo sio bure, ndio maana sehemu ndefu kama treni watu wanaziruka, weka maneno 700 mpaka 1,000 inatosha). Mimi nina wasomaji Tunduma, Mtwara, kuna mmoja yupo Oman anafanya kazi za ndani ananisoma akishalaza watoto wa bosi. Hao nisingewapata kwa kukaa na daftari langu Majengo. Na wanakusahihisha bure pia, bila huruma.

Kuna Mmarekani anaitwa Andy Weir, alikua mtu wa programu za kompyuta, akawa anaweka riwaya yake ya The Martian sura moja moja kwenye tovuti yake bila kulipisha. Wasomaji wakamwomba aiweke Amazon wasome kwenye Kindle, kile kifaa chao cha kusomea vitabu, bila kuhangaika, akaiweka kwa senti 99 za dola, ndio bei ya chini waliyokua wanaruhusu, na watu wakanunua kwa maelfu huku ya bure bado ipo palepale! 2014 ikatoka kwa mchapishaji mkubwa, 2015 ikawa filamu. Hapo mimi ninachokiona ni kwamba watu walilipia urahisi, kuipata yote kwa mkupuo bila kutafuta sehemu ya 17 imejificha wapi. Wengine watakutolea mfano wa Radiohead, ile bendi ya Uingereza 2007 walitoa albamu mtandaoni wakasema lipa unachotaka hata sifuri. Sawa, ila hao walishakua na majina tayari, wewe na mimi hata mangi wa dukani hajui kama tunaandika.

Sasa machungu. Siku moja kaja dada mmoja wa chuo pale steshenari, kanitumia PDF WhatsApp nimprintie, kurasa 61, mia mia. Nafungua, naona simulizi yangu. Jina la mwandishi sio langu, kichwa kimebadilishwa, Moshi imegeuzwa Dar, lakini mwizi mvivu, kuna sehemu mhusika anapanda daladala Kariakoo halafu anashuka Kiboriloni, huku huku Moshi, anakunywa mbege. Dada kainunua kwa buku kwenye grupu. Na akaniuliza "hivi huyu mwandishi ataendelea lini, imeishia pabaya". Imeishia sehemu ya 38 kwa sababu mimi niliumwa nikaacha kuposti hapo, saba za mwisho zilikua kwenye simu yangu tu. Nikamwambia mwandishi ndio mimi, akacheka, mpaka nilipomuonyesha. Akatoa buku mbili za hizo saba palepale. Na za kuprint nilichukua, 6,100, kazi ni kazi.

Tangu siku hiyo nafanya hivi na wewe ufanye. Andika yote kwanza mpaka mwisho. Halafu kata: robo tatu bure, robo ya mwisho ya kulipia, na waambie tangu sehemu ya 1, usije ukawageuka katikati watu wakakutukana, mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi. Ukiwazoesha yote bure mwaka mzima halafu ghafla unataka hela, wanahama, hata usiwalaumu.

Jina na namba yako viweke katikati ya sehemu, kati ya aya mbili, maana cha juu na cha chini mwizi anakata kwa sekunde. Na panda vitu vya kwenu ndani ya hadithi, mtaa, chakula, utani wa kwenu, kama nilivyookolewa na Kiboriloni. Akikopi lazima asome yote ili afute, na mwizi wa simulizi hasomi.

Kisheria uko vizuri kuliko unavyodhani. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, hata hujasajili popote, na inaendelea miaka 50 baada ya wewe kufa. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi mkibishana. Ila wazo halilindwi, mtu akichukua wazo la mke aliyerudi kutoka kaburini akaandika kwa maneno yake huna kesi. Ukikuta kazi yako ukurasa wa mtu Facebook, usianze na matusi kwenye komenti (najua inauma), piga skrinshoti kwanza, kisha jaza fomu yao ya hakimiliki, weka linki ya posti yako na ya kwake, tarehe zitaongea. Kwenye magrupu ya WhatsApp hapo sikudanganyi, ikishaingia imeingia.

Na kuhusu leseni za Creative Commons, zile za kuruhusu watu watumie kazi yako kwa masharti, ni nzuri kama unataka isambae, unaweza kukataza biashara au kubadilisha, ila aliyeipata kwa leseni hiyo huwezi kumnyang'anya baadae. Kwa simulizi unayotaka kuja kuiuza mimi siweki.

Kwa wapiga picha nina machache, nimeyatoa kwa chalii yangu wa Njiro Arusha. Alirusha picha ya Mlima Meru alfajiri, fulu saizi, wiki chache akaikuta kwenye mlango wa gari la watalii, hajapewa hata asante. Sasa anaposti pikseli 1080 tu, mtandaoni inapendeza ila ukiikuza kwa bango inavunjika, na faili mama la kamera hampi mtu, ndio ushahidi wake. Jina analiandika kupita juu ya picha yenyewe, sio kwenye kona.

Jambo la mwisho linawaangusha wengi, ni jina linalotokea kwenye muamala msomaji anapokulipa kwa simu. Jina langu la uandishi ni la kiume, line imesajiliwa kwa jina la mama. Wiki ya kwanza ya kuuza watu watatu walifika mpaka kuweka namba ya siri, wakaona jina la mwanamke wakaghairi wakijua ni tapeli. Kwahiyo chini ya namba andika kabisa "jina litakuja la fulani, ni mama yangu".