Maneno au lahani? Namna ya kusikiliza taarabu asilia

Chagua wimbo mmoja wa taarabu ya Unguja, uusikilize mara tatu. Tumia spika za masikioni, maana spika ya simu humeza udi (ala ya nyuzi kama gitaa) na besi.

Mara ya kwanza yaache maneno yapite, usikilize lahani, yaani tuni ya wimbo. Fuata fidla na kanuni, ala bapa ya nyuzi nyingi: mwimbaji akimaliza mshororo, ala humjibu. Ukipotea, shika mapigo ya dumbaki, ile ngoma ndogo.

Mara ya pili chukua kalamu. Kazi iko hapa. Andika ubeti mmoja, hesabu mizani, yaani silabi. Mpangilio uliozoeleka ni mishororo mitatu ya mizani 16, yaani 8 kwa 8, vina kati na mwisho. Hesabu ikigoma, pengine umehesabu "aa" za mwimbaji, au umesahau kuwa "m" ya "mtu" ni silabi kamili. Kisha tafuta fumbo: ua, tunda, ndege, chombo baharini. Nani anasemwa?

Tukibanwa tuchague, kwa taarabu tunasema maneno, ingawa bila lahani nani angeyangoja dakika kumi?

Mara ya tatu sikiliza vyote pamoja, uone fumbo limeangukia sauti ya juu au ya chini, na kama mwimbaji analirudia.