Kumlea mbwa anayetibiwa minyoo ya moyo

Mbwa wengi wanaookolewa Texas, Louisiana na Mississippi, majimbo ya Marekani yenye joto na mbu wengi, wakipimwa hukutwa na minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu. Mlezi wa muda anayemchukua mbwa kama huyo hudhani kazi kubwa ni vidonge. Vidonge ni rahisi. Kazi ni kumzuia asikimbie kwa muda wa miezi minne au mitano, hata pale anapojiona mzima kabisa.

Minyoo hii, ambayo hufika sentimita 30, hukaa hasa kwenye mishipa inayopeleka damu mapafuni. Ikifa haitoki na kinyesi kama minyoo ya tumbo. Hukatikakatika, na vipande husukumwa na damu hadi kwenye vimishipa vyembamba vya mapafu na kuviziba. Mbwa akitulia, mwili huvimaliza polepole. Akirukaruka, moyo husukuma damu kwa nguvu mahali palipoziba, na hapo ndipo mbwa hufa.

Madaktari wengi wa mifugo huko hufuata ratiba ya American Heartworm Society, chama cha Marekani kinachoshughulikia minyoo ya moyo. Siku mbwa anapothibitishwa kuwa na minyoo huanza dawa ya kinga ya kila mwezi, pamoja na doksisiklini miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku kwa wiki nne, ili kuua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo. Siku ya 60 huchomwa sindano ya kwanza ya melarsomini, dawa inayoua minyoo iliyokomaa, kwenye misuli ya kiunoni, ya pili siku ya 90, ya tatu siku ya 91. Walezi hulalamika kwamba miezi miwili ya kwanza ni kupoteza muda. Sivyo: melarsomini haiui minyoo michanga. Dawa ya kinga humaliza ile midogo kabisa, na iliyobaki hupewa nafasi ikomae hadi sindano iiweze.

Doksisiklini mpe katikati ya mlo: nusu ya chakula, kidonge, kisha nusu iliyobaki. Kidonge kikikwama kooni kinaunguza. Usikifiche ndani ya jibini wala mtindi, kwa sababu kalisi hupunguza nguvu ya dawa. Kipande cha kuku kinatosha. Ukitumia siagi ya karanga, soma kwanza kopo, maana zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Akitapika mara kwa mara mpigie daktari, usiiache dawa kwa uamuzi wako.

Baada ya sindano hupewa prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa dozi inayopungua. Atakunywa maji mengi, atakojoa mno na atalia njaa. Usimnyime maji, mtoe nje mara nyingi zaidi, hata usiku. Prednisoni haikatizwi ghafla, na haichanganywi na aspirini au dawa nyingine za maumivu bila ruhusa ya daktari, kwani tumbo linaweza kupata vidonda.

Kizimba anamopumzikia kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala. Akitoka ndani yake, awe kwenye kamba, hata sebuleni. Nje mvalishe mkanda wa kifuani na kamba fupi ya mita moja na nusu (ile inayojivuta yenyewe iache dukani), nenda sehemu ileile kila mara, akojoe, mrudi. Asipande kochi wala ngazi, mdogo mbebe. Kengele ya mlango ikimrusha, hiyo nayo ni mbio, kwa hiyo bandika karatasi wageni wasiibonyeze. Mbwa wengine wa nyumbani watenge naye. Hawaambukizwi kwa kukaa pamoja, kwani lazima mbu awe kati yao, ila watamwita kucheza. Chakula kilichogandishwa ndani ya mpira wenye tundu, au punje zilizoviringishwa kwenye taulo, humshughulisha bila kumchosha. Ukiona hatulii, muombe daktari trazodoni au gabapentini, dawa za kumtuliza, kabla ya siku ya sindano, si baada ya kuanza kutafuna vyuma vya kizimba.

Pale alipochomwa patauma na huenda pakavimba. Usipakande, na ukimbeba shika kifua na mapaja, si mgongo. Hatari kubwa huja siku ya 7 hadi ya 10 na inaweza kudumu wiki nne. Kabla ya sindano zoea kuhesabu pumzi zake akiwa usingizini: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika. Zikizidi 30 kwa dakika, au zikipanda kuliko kawaida yake, piga simu. Akikohoa damu, akihema kwa shida, ufizi ukipauka au akianguka, mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Vivyo hivyo mkojo ukigeuka mweusi kama chai ya rangi huku amelegea.

Mapumziko huendelea wiki sita hadi nane baada ya sindano ya tatu. Daktari akiruhusu, anza na matembezi ya dakika chache na uongeze kila wiki, misuli imelegea. Kipimo cha kuthibitisha kwamba minyoo imeisha hufanywa miezi tisa baada ya sindano ya mwisho, maana minyoo mingine hufa kwa kuchelewa. Kufikia hapo huenda mbwa yuko kwa mwenye kumchukua moja kwa moja, basi mkabidhi tarehe zote kwa maandishi, pamoja na dawa ya kinga ya kila mwezi. Kupona hakumpi kinga, na mbu mmoja anaweza kumwambukiza tena.