Kiingereza cha zamani: ogopa maneno unayoyajua

Anayefungua Biblia ya King James ya 1611 au tamthilia ya Shakespeare hukimbilia kamusi akikutana na "peradventure". Neno kama hilo halina hatari. Ukiliona geni utalitafuta. Linalopotosha ni lile ulilolijua tangu shule ya msingi. Zaburi ya 23 inasema "I shall not want", na msomaji wa leo anaona kutotaka. Fungua Biblia ya Union: "Sitapungukiwa na kitu". "Want" ya wakati ule ilikuwa kukosa.

Anza na viwakilishi, maana hapo Mswahili ana faida kuliko hata Mwingereza wa leo. "Thou" ni wewe unayetenda, "thee" ni wewe unayetendwa, "thy" ni -ako. "Thine" pia ni -ako, likija mbele ya irabu au likisimama peke yake. "Ye" ni ninyi mnaotenda, na "you" ni ninyi mnaotendwa. Tazama Yohana 3:7, Yesu akizungumza na Nikodemo: "Marvel not that I said unto thee, Ye must be born again." Kwa Kiingereza cha sasa yote mawili yangekuwa "you", na ungedhani anayetakiwa kuzaliwa upya ni Nikodemo tu. Union imeshika tofauti hiyo: "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Kuna -ku- ya mmoja, kisha m- ya wengi.

Kwa Shakespeare kanuni hiyo inalegea. "You" huambiwa hata mtu mmoja kwa heshima, na "thou" huambiwa mpenzi, mtoto, mtumishi au anayetukanwa. Mhusika akiruka ghafla kutoka "you" kwenda "thou", simama: ama mapenzi yamezidi ama hasira imepanda. ("Ye" ya kwenye vibao vya maduka, "Ye Olde", ni kitu kingine kabisa: ni "the" iliyoandikwa kwa herufi iliyokufa iliyofanana na y.)

Vitenzi ni rahisi. Kata -est ya "thou goest" na -eth ya "he goeth", unabaki na "go". Vya kukariri ni "art" (are), "hast" (have), "hath" (has), "doth" (does), "shalt" (shall) na "wilt" (will). Programu za kutafsiri hujikwaa hapa: "art" ikageuzwa sanaa, "wilt" ikawa kunyauka.

Sasa yale yanayojificha. "Suffer the little children" si kuwatesa watoto, ni "waacheni". "Prevent" ni kutangulia. "Conversation" ni mwenendo. "Meat" ni chakula chochote, ndiyo maana Mwanzo 1:29 inaita mimea na matunda "meat". "Corn" ni nafaka, hasa ngano. Usiiwekee mahindi Galilaya. "Charger" kilichobeba kichwa cha Yohana Mbatizaji ni sinia. "By and by" na "presently" zilikuwa na maana ya papo hapo, zikachakaa kama "nakuja sasa hivi" ya kwetu. "Let" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa imebeba maana mbili zinazopingana: kuruhusu na kuzuia. Yalikuwa maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana kwa sauti. Ile ya kuzuia bado iko kwenye pasipoti ya Uingereza: "without let or hindrance", bila kizuizi.

Ukishuku neno, usitumie kamusi ndogo ya mfukoni. Inatoa maana ya leo tu. Merriam-Webster hupanga maana kuanzia ya kale zaidi, kwa hiyo ya kwanza huenda ndiyo unayoitafuta. Kamusi za Oxford za wanafunzi huanza na inayotumika sana. Alama "obsolete" katika Merriam-Webster ina maana kwamba hakuna ushahidi wa matumizi hayo tangu 1755. "Archaic" ni matumizi yaliyokuwa ya kawaida zamani, ila leo huonekana kwa nadra tu.

Kundi la mwisho liko hai katika mikataba ya Kenya na Tanzania: "herein", "thereof", "hereinafter". Yasome kutoka nyuma. "Here-" ni hati hii, "there-" ni kitu kilichokwisha kutajwa. "Herein" ni humu, "thereof" ni -ake, "hereinafter" ni kuanzia hapa hadi mwisho wa hati. ("Where-" huweza kuuliza: Juliet wa Shakespeare anaposema "wherefore" hamtafuti Romeo alipo, anauliza kwa nini ni Romeo.) Hatari ya "thereof" ni pale nomino mbili zinapoitangulia. "The house and the plot and the boundaries thereof": mipaka ya kiwanja, au ya nyumba pia? Mwombe wakili aitaje nomino yenyewe kabla hujatia saini.