Kuunda molekuli za kaboni kwa unga wa ngano na vijiti vya mishikaki

Mpwa wangu wa kidato cha tatu hapa Soweto, Moshi, alikuwa anajua kwamba kaboni ina elektroni nne za nje na hufunga bondi nne. Alichokuwa haelewi ni hiki: wanga wa ndizi za mtori na selulosi ya makapi ya muwa zote ni glukosi zilizoungwa, mbona moja tunaimeza na nyingine tunaitema? Tukakanda unga.

1. Kanda. Unga, chumvi, maji. Kaboni changanya na mkaa uliosagwa (ambao wenyewe ni kaboni), oksijeni tia rangi nyekundu ya keki, haidrojeni iache nyeupe. Seti za plastiki za dukani sizipendi. Zinakuja zimeshatobolewa, mtoto hapati nafasi ya kuitafuta pembe.

2. Tafuta pembe. Hapa usiharakishe. Daftarini tunachora kaboni kama msalaba, pembe nyuzi 90, na mtoto ataunda msalaba huohuo. Ukweli ni nyuzi 109.5, na mikono minne imetawanyika pande zote; wanakemia van 't Hoff na Le Bel walilipendekeza jambo hili mwaka 1874, kila mmoja kivyake.

Protrakta haisaidii sana kwenye donge la unga. Fanya hivi: chomeka vijiti vitatu vikae kama miguu ya kigoda, cha nne kisimame wima. Kila mguu uwe sm 9 kuanzia katikati ya donge hadi ncha. Sasa shusha au inua donge mpaka katikati yake iwe sm 3 juu ya meza. Kimo ni theluthi ya mguu, basi. Kisha pima kati ya ncha na ncha: karibu sm 14.7, kwa jozi zote, hata zinazohusisha kijiti cha juu. Geuza donge, lisimamie miguu mingine mitatu. Likiegemea upande, rudia. Unga ukiwa mbichi sana vijiti vitalegea usiku, kwa hiyo uache ukauke kwanza ndipo uendelee.

3. Methani hadi kilevi. Haidrojeni nne: methani. Toa moja, weka kaboni yenye haidrojeni tatu: ethani. Ingiza oksijeni kati ya kaboni na haidrojeni mojawapo: ethanoli, kilevi cha mbege.

4. Glukosi. Pete ya kaboni tano na oksijeni moja. Kaboni ya sita inaning'inia nje, juu, kwenye kaboni namba 5. Pete haitalala bapa. Usiilazimishe. Namba 5 imeshikana na oksijeni ya pete upande mmoja, namba 1 upande wa pili. Vikundi vya OH (oksijeni yenye haidrojeni moja): namba 2 chini, 3 juu, 4 chini.

5. Unga mnyororo. OH ya namba 1 ikitazama chini, unganisha na namba 4 ya glukosi inayofuata, ukitoa molekuli moja ya maji. Mnyororo unajipinda: wanga. Ikitazama juu, itabidi kila glukosi ya pili uipindue, na mnyororo unanyooka: selulosi. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana kwa nguvu. Kimeng'enya cha mate hukata muungano wa kwanza, wa pili hakiuwezi. Ng'ombe mwenyewe huumudu kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake.